Zilipendwa na Nani? Umri wa Hadhira na Nyimbo za Kale za Redio Kisiwani Mafia

Utangulizi

Neno zilipendwa, ambalo nchini Tanzania limekuwa jina la aina ya nyimbo na pia la vipindi vya redio, ni sentensi kamili. Lina kiambishi cha upatanisho cha nyimbo (zi-), kiambishi cha wakati uliopita (-li-), mzizi -pend- na alama ya kauli ya kutendwa (-w-). Wakenya husema zilizopendwa, na kwa kuingiza kirejeshi -zo- wanalifanya neno lao kuwa sifa ya nyimbo ambazo bado zinangoja kuelezwa jambo. Watanzania wamekwisha maliza habari: zilipendwa, basi. Kinachokosekana katika sentensi hiyo ni mtenda. Sarufi inaruhusu adondoshwe, kama inavyoruhusu katika "mlango ulifungwa" au "fedha zililiwa", na kila mzungumzaji anajua kwamba mtenda hudondoshwa ama kwa sababu hajulikani, ama kwa sababu anajulikana mno, ama kwa sababu kumtaja kungeleta ugomvi au haya.

Makala haya yanadai kuwa mtenda huyo aliyeachwa ndiye kiini cha suala zima la nyimbo za kale redioni. Orodha ya zilipendwa hubadilika kadiri wasikilizaji wanavyozeeka. Hilo ni jambo la dunia nzima. Lakini namna inavyobadilika kwa wasikilizaji wa kisiwa kama Mafia haifanani na inavyoelezwa katika maandishi ya Ulaya na Marekani, na tofauti hiyo ina hasara yake kwa wataalamu wa Kiswahili, ambao kwa kiasi kikubwa wamewaachia watangazaji kazi ya kuamua ni maneno gani ya jana yaendelee kusikika.

Wakati usio na tarehe

Kiambishi -li- hakina umbali. "Nilikula" yaweza kuwa jana, yaweza kuwa mwaka 1950. Kwa hiyo zilipendwa halikufungwa na mwaka wowote. Kwa msikilizaji wa miaka ya 1970, za kale zilikuwa nyimbo za Frank Humplick na dada zake, au za Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba ya Morogoro, ambayo ilimpoteza kiongozi wake mwaka 1965. Wakati huo Mbaraka Mwinshehe alikuwa hai, gitaa mkononi, na hakuna ambaye angemwita wa kale. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, na kifo hicho kikaanza kuzivusha nyimbo zake upande wa pili. Marijani Rajabu alifariki mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya Radio One kuanza matangazo na kuvunja ukiritimba wa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Naye akavuka. Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la Nuta Jazz ikapitia majina ya Juwata na OTTU, ilipata bahati ya ajabu ya kuwa zilipendwa ingali jukwaani. Muhidin Gurumo, mmoja wa waimbaji wake wa mwanzo, alifariki mwaka 2014.

Kisha wakaja vijana. Mwaka 2017 wasanii wa Wasafi, wakiongozwa na Diamond Platnumz, aliyezaliwa mwaka 1989, miaka kumi baada ya Mbaraka kufa, walitoa wimbo wenye jina hilihili la Zilipendwa. Rapu ya Kiswahili ya miaka ya 1990, ya akina Kwanza Unit na Mr. II, ambayo wazee wengi wa wakati ule waliiona kuwa kelele, leo ni muziki wa kumbukumbu wa watu walioanza kuota mvi. Kitenzi kimebaki kilekile. Mtenda wake amebadilishwa mara tatu au nne, na hakuna aliyetangaziwa.

Hesabu za umri

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu jambo hili yanatoka Marekani. Mwaka 1989 Morris Holbrook na Robert Schindler walichapisha utafiti ulioonesha kwamba mtu hupenda zaidi nyimbo zilizovuma alipokuwa na umri wa miaka 23 na nusu hivi, na kwamba mapenzi hayo hupungua kwa nyimbo zilizotangulia umri huo na kwa zilizoufuata. Wenye redio walilijua jambo hilo kwa uzoefu kabla ya wataalamu kulipima. Kituo cha WCBS-FM cha New York, kilichoanza kupiga nyimbo za kale tu mwaka 1972, kiliacha mtindo huo Juni 2005 na kuurejea Julai 2007. Kiliporejea, nyimbo za miaka ya 1950 zilikuwa karibu zimetoweka na zile za miaka ya 1980 zimekaribishwa. Sababu haikuwa siri. Watangazaji wa biashara huko hununua masikio ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 54. Mtu akitimiza 55 hutoka katika hesabu, na wimbo wake hutoka pamoja naye.

Hesabu hizo zikiletwa Tanzania kama zilivyo, hazikubali. Sensa ya mwaka 2022 inaonesha kuwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi hawafiki 6 katika kila watu 100, na karibu nusu ya wananchi wote hawajatimiza miaka 18. Kwa mantiki ya New York, nyimbo za miaka ya 1960 zingekuwa zimenyamaza zamani. Hazikunyamaza. Redio ya taifa iliendelea kuzipiga, kwa sababu kwa miaka mingi haikuhitaji kumwuliza mfanyabiashara, na kwa sababu ilikuwa nazo: bendi zilirekodi katika studio zake, na nyimbo nyingi hazikupata kuwa santuri bali zilibaki katika kanda za maktaba ya RTD, ambayo leo ni mali ya TBC. Hata hivyo sababu kubwa zaidi iko upande wa wasikilizaji, na hapo ndipo Mafia inapofaa kutazamwa kwa karibu.

Redio ya baraza

Mafia ni wilaya ya visiwa iliyo mbele ya delta ya mto Rufiji. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 40,801, na ile ya mwaka 2012 watu 46,438. Wengi wao huishi kwa nazi na uvuvi. Mpaka mwaka 1890 kisiwa kilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ndipo Wazungu walipogawana na Wajerumani wakakichukua. Lakini uhusiano wa watu haukugawanywa, na sikio la Mafia limekuwa na pande mbili tangu redio ilipofika. Upande mmoja lilielekea Dar es Salaam, kwenye dansi. Upande wa pili Unguja, kwenye taarabu. Mawimbi ya kati huvuka bahari vizuri, hasa usiku. Mawimbi ya FM, ambayo vituo vya binafsi vya Dar es Salaam vilikuja nayo miaka ya 1990, hayaendi mbali, kwa hiyo vituo hivyo vilianza kama redio za watu wa mji. Wakati kijana wa Kariakoo alipokuwa akizungusha kitufe kutafuta muziki mpya, mwenzake wa Kanga au Bweni alikuwa bado na redio ya taifa, kwa kupenda na kwa kukosa.

Tena redio hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Kuanzia miaka ya 1960 kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam kilitengeneza redio na betri za National zilizoenea nchi nzima, lakini betri ni fedha, na watu waliozianika juani ili zirudishe nguvu kidogo hawawezi kusemwa kuwa walisikiliza ovyo. Redio iliwekwa barazani. Kampeni za elimu ya watu wazima kama Mtu ni Afya ya mwaka 1973 zilijengwa juu ya vikundi vya usikilizaji, yaani zilichukulia kwamba watu wengi kuizunguka redio moja ni jambo la kawaida.

Jambo hili linavuruga kanuni ya miaka 23 na nusu. Kanuni hiyo inamfikiria mtu aliyejichagulia muziki wake chumbani. Barazani umri huchanganyika: babu yupo, baba yupo, na mtoto aliyetumwa kuleta maji ya kunywa anakawia kuondoka. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1970 alizisikia nyimbo za mwaka 1962 kila juma, na akaja kuzipenda bila ya kuwahi kuzicheza. Kwa hiyo hadhira ya wimbo mmoja ilikuwa na vizazi vitatu, na wimbo haukuweza kufa pamoja na kizazi kimoja. Vizazi viliposhikana mikono namna hiyo, orodha ilikwenda polepole. Tangu kila mtu apate simu yenye redio na visikizi vyake, mikono hiyo imeachana, na ni halali kutarajia kuwa orodha itaanza kwenda mbio kama ya New York, ingawa kwa sababu nyingine.

Umri na haya

Lipo jambo la pili ambalo hesabu za Marekani haziligusi. Zinachukulia kuwa mtu huzeeka pamoja na wimbo wake na kuendelea kuudai. Pwani sivyo. Katika jamii ya Kiislamu kama ya Mafia, umri hubadili kinachomstahili mtu kusikiliza hadharani. Aliyecheza dansi akiwa na miaka 25 anatarajiwa, afikapo 60, awe mtu wa msikitini. Sikio lake linaelekezwa kwenye kasida na mawaidha, na vituo vya dini vipo vya kumsaidia. Hili si kusema kwamba amesahau. Bibi anayekuna nazi huku akiuimba wimbo wa Black Star ya Tanga kwa sauti ya kujisikia mwenyewe hajasahau neno lolote. Ila hatauomba.

Tofauti ya kupenda na kuomba ni muhimu, kwa sababu orodha za redio nchini hazikutokana na upimaji wa masikio. Zilitokana na maombi. Enzi ya kadi za salamu, msikilizaji alinunua kadi, akajaza jina lake, majina ya jamaa zake na wimbo autakao, akaipeleka posta. Jina lilisomwa nchi nzima. Kwa kijana hiyo ilikuwa fahari. Kwa mtu mzima mwenye wajukuu, jina lake kutajwa kisha likafuatiwa na wimbo wa mapenzi ilikuwa ni kutafuta maneno ya watu. Matokeo yake ni kwamba kila kizazi kilijiondoa katika hesabu ya waombaji miaka mingi kabla ya kujiondoa duniani. Anayehesabu kadi, au siku hizi ujumbe wa simu, anahesabu wale tu ambao umri wao unawaruhusu kuomba.

Ujumbe wa simu umeongeza pazia jingine. Mzee ambaye macho yamemchoka humwambia mjukuu amwandikie, na mjukuu huandika wimbo anaoujua. Mara nyingi mjukuu hayuko hata kisiwani. Yuko Temeke au Mbagala, anamtumia babu yake salamu na wimbo anaoamini kuwa babu anaupenda. Pengine babu hakuwahi kuupenda. Hivyo vipindi vya nyimbo za kale vinavyosemekana kuwa vya wazee vimekuwa, kwa sehemu isiyo ndogo, picha ya wazee iliyochorwa na wajukuu.

Orodha inayosinyaa

Dalili ya jambo hilo ni kusinyaa kwa orodha. Mbaraka Mwinshehe, aliyetunga na kuimba kwa zaidi ya muongo mmoja, anaelekea kuwa mtu wa Shida na nyimbo nyingine chache. Marijani anaelekea kuwa mtu wa Zuwena. Miaka yote ya mwanzo ya 1960 katika Afrika Mashariki inawakilishwa na Malaika. Mtangazaji asiyeishi wakati huo anazijua nyimbo alizozisikia zikirudiwa, naye huzirudia. Kinachorudiwa ndicho kinachoombwa, na kinachoombwa ndicho kinachorudiwa. Zile nyimbo nyingi ambazo bendi hizohizo zilitunga kwa ajili ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vijiji vya Ujamaa au vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 ni nadra kuingizwa katika kundi la zilipendwa, kana kwamba taifa zima lilikuwa likipendana tu. Huenda ni kweli kwamba hazikupendwa. Lakini ni nani aliyewauliza waliokuwapo?

Wataalamu wa fasihi simulizi hufundisha kwamba utendaji una fanani na hadhira, na kwamba mmoja hakamiliki bila mwenzake. Kanda ya redio imeleta hali ambayo mafundisho hayo hayakuitazamia sana: fanani amekufa lakini sauti yake ingali ikisikika, na hadhira yake imeondoka ikapokewa na nyingine isiyojua wimbo ulikuwa ukimsema nani. Katika dansi, na zaidi katika taarabu, maana ilikaa kwenye fumbo. Ua halikuwa ua, ndege hakuwa ndege, na chungu kilichoungua kilikuwa na mwenyewe. Msikilizaji wa wakati ule alilifumbua fumbo kwa sababu alikuwa na habari za mtaani. Wa leo anabakiwa na ua, ndege na chungu. Mwanafunzi wa chuo anayenukuu maneno ya wimbo kutoka kwenye kanda na kuyachambua kama shairi la kitabuni anafanya kazi halali, lakini mara nyingi anachambua ganda.

Mfano wa Siti binti Saad unafaa hapa. Hakuna leo aliye hai ambaye alikuwa kijana mwaka 1928, Siti aliposafiri kwenda Bombay kurekodi. Kwa kanuni yoyote ya umri angekuwa amesahauliwa. Hakusahauliwa, na sehemu ya sababu ni kwamba Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Waimbaji wengi wa dansi hawakupata Shaaban Robert wao. Nyimbo zao zina sauti bila maandishi, na maelezo ya nyimbo hizo yamo katika vichwa vya watu ambao, kama ilivyoelezwa, wameacha kuomba.

Kinachoweza kufanywa

Watakuwapo watakaosema kwamba dawa ni kuihifadhi maktaba ya kanda ya redio ya taifa kwa mitambo ya kisasa, na kwamba kazi hiyo ikikamilika wasiwasi utakwisha. Kanda hizo zihifadhiwe, na kwa haraka. Utepe huharibika kwa joto na unyevu, na Dar es Salaam ina vyote viwili. Lakini kanda huhifadhi kilichopendwa. Haihifadhi aliyependa, wala sababu.

Kazi ya pili ni ya idara za Kiswahili, na Mafia ni mahali pazuri pa kuianzia. Kwanza, wasikilizaji wa huko walizipokea nyimbo za Dar es Salaam na Unguja kutoka mbali, bila kuwajua wahusika wa vijembe, kwa hiyo walizipa maana zao wenyewe kutokana na maisha ya kisiwani. Maana hizo hazimo katika maandishi yoyote ya fasihi, nazo ni sehemu ya historia ya lugha kama zilivyo maana za watunzi. Pili, kisiwa kimekwisha onesha kwamba watu wake wanaweza kujieleza wakiulizwa vizuri. Mwanaanthropolojia Mwingereza Pat Caplan alianza kufanya kazi kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, na kitabu chake cha mwaka 1997, African Voices, African Lives, kimejengwa kwa sehemu juu ya shajara aliyoiandika mkulima mmoja wa huko kwa Kiswahili. Inatia haya kidogo kwamba mfano bora wa mwanakijiji wa Mafia kujiandikia maisha yake kwa Kiswahili unasomwa zaidi kwa Kiingereza.

Wanafunzi wa Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hawahitaji vyombo vikubwa. Wanahitaji nakala za nyimbo zisizopigwa tena, daftari, na nauli ya boti kutoka Nyamisati. Wapige wimbo Kilindoni, Kirongwe au Jibondo, kisha wanyamaze. Bibi zaidi waulizwe na wanafunzi wa kike, ndani, wakati wa kazi za mikono. Na wasiulizwe katika mwezi wa Ramadhani. La muhimu kuliko yote ni namna ya kuuliza. "Bibi, wewe ulipenda wimbo gani?" ni swali ambalo mwanamke mwenye heshima zake hana budi kulikwepa. "Bibi, hapa zilipendwa zipi?" ni swali jingine kabisa. Kauli ya kutendwa inampa mahali pa kukaa: anaweza kutaja wimbo, akaeleza ulichezwa wapi, nani aliudai, neno fulani lilimchoma nani, bila kusema kwamba yeye ndiye aliyependa. Mtenda atajitokeza mwenyewe kabla ya mazungumzo kwisha, au hatajitokeza, na vyote viwili viandikwe.

Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka Nuta Jazz ilipoanzishwa amekwisha vuka 80. Ni yeye wa kuanza naye.